Mgonjwa Aliyegeuka Daktari

Huenda wapo miongoni mwenu walioiona filamu ya mwaka 2011 ya David Cronenberg, iitwayo A Dangerous Method. Inahusu siku za mwanzo za saikoanalisisi, yaani ile tiba ya kumponya mgonjwa wa nafsi kwa kumwacha aseme. Filamu imeshughulika mno na kitanda. Mimi leo nashughulika na msichana mwenyewe.

Sabina Spielrein, Myahudi wa Rostov nchini Urusi, alifikishwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zurich, Agosti 1904. Alikuwa na umri wa miaka 18, akicheka huku akilia. Daktari wake alikuwa Carl Jung. Mwaka uliofuata, mgonjwa huyo akaanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Zurich, na mwaka 1911 akahitimu.

Kati yake na Jung, mtu mwenye mke, palizuka mapenzi. Yalifika wapi, wanahistoria wanabishana hadi leo, ingawa filamu haina shaka yoyote. Mama mtu alipotaka maelezo, Jung alimwandikia kwamba hakuwahi kumtoza binti ada, kwa hiyo hakujiona amefungwa na miiko ya daktari. Kama mama anataka mipaka, basi alipe faranga 10 kwa kila kikao. Na huyo ndiye msomi!

Tuje sasa kwenye jambo ambalo filamu imelipitia mbio. Mwaka 1912 Sabina alichapisha makala akieleza kwamba ndani ya hamu ya kuzaa imo pia hamu ya kuangamiza. Miaka 8 baadaye Sigmund Freud akatoa nadharia yake mashuhuri ya silika ya mauti. Sabina alipewa tanbihi. Humo Freud alikiri kwamba bibi huyo alikwisha kumtangulia kwa sehemu kubwa ya mawazo hayo, kisha akaongeza kuwa maelezo yake hayakumwelea sawasawa.

Mwaka 1923 Sabina alirudi Urusi, akiacha Geneva barua na shajara zilizokuja kugunduliwa mwaka 1977. Huko kwao, utawala wa Stalin uliwaua ndugu zake watatu wa kiume. Majeshi ya Hitler yalipouteka Rostov mwaka 1942, yeye na binti zake wawili, Renata na Eva, waliuawa pamoja na maelfu ya Wayahudi wenzao. Filamu inayagusia mauaji hayo kwa maandishi machache tu, mwishoni kabisa, watazamaji wakiwa wanatafuta viatu vyao.