Nusu Mkate, Soda Moja na Geti la Lanet

Mwaka 2005, nikiwa darasa la tano, nilirudi nyumbani Free Area na karatasi ya tripu. Shule inaenda Mbuga ya Ziwa Nakuru. Shilingi mia tatu: basi, geti na chakula. Chakula chenyewe mwalimu alikuwa ametusomea darasani: nusu mkate, yai la kuchemsha, ndizi na soda moja ya chupa. Hakuna mtoto aliyeuliza kuhusu kifaru. Tuliuliza kama mtu ataruhusiwa kuchagua rangi ya soda.

Mama aliisoma karatasi mara mbili. "Mia tatu? Na hiyo mbuga si iko hapo tu?"

Hakukosea. Kutoka kwetu mpaka geti la Lanet si mbali, na usiku ukitulia ungesikia fisi. Lakini mama alikuwa ameishi Free Area miaka kumi na tatu na hakuwa ameingia hata siku moja. Isitoshe, karatasi zilikuwa mbili, yangu na ya ndugu yangu wa darasa la tatu, na pesa ilitosha mtoto mmoja. Tukakubaliana: mkubwa aende, amletee mdogo kipande cha mkate.

Nimeirudia hiyo karatasi kichwani mara nyingi kwa sababu ni historia ya mji wangu katika mistari mitatu. Soma bei ya kitu chochote hivi: usiangalie jumla peke yake, angalia ndani mna nini, na nini kimetolewa kimyakimya.

Tuanze na geti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilikuwa hifadhi ya ndege, na mwaka 1968 likawa mbuga ya taifa. Mwaka huohuo wanafunzi Wakenya walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, na hapo ndipo mazoea ya kupeleka watoto wa shule mbugani yalipopata nguvu. Hoja ilikuwa rahisi: mtoto asiyewahi kumwona twiga atamlinda vipi? Katikati ya miaka ya 1980 ikajengwa fensi ya stima kuzunguka mbuga yote, na mwaka 1987 ikawa makao maalum ya vifaru. Fensi ilikuwa na sababu nzuri, maana majangili walikuwa karibu kuwamaliza vifaru wa Kenya. Ila kwa sisi wa upande huu, kuanzia hapo geti likawa njia ya pekee ya kuingia, na geti lina bei.

Halafu chakula. Mwaka 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, kwa hivyo tripu ikabaki kati ya vitu vichache ambavyo mzazi bado alitoa pesa mkononi. Mzazi anayetoa pesa mkononi anataka kuona kitu. Wanyama hawezi kuwaona, yeye haendi. Mkate na soda anavielewa. Ndiyo maana chakula kiliandikwa kwenye karatasi: ndicho kilichomshawishi mama atoe ile mia tatu kidogokidogo, hamsini leo, hamsini kesho kutwa.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka huohuo wa 2005, Walt Disney World kule Florida, Marekani, walianzisha mpango wa wageni kulipia chakula mapema pamoja na safari yao. Mwanzoni mlo wa mezani ulikuja na kianzio na bakshishi ya mhudumu ndani ya bei. Kufikia 2008 vyote viwili vilikuwa vimeondolewa kwenye mpango wa kawaida. Mwaka 2020 korona ikausimamisha mpango wote, ukarudi 2024. Sisemi Nakuru ni Florida. Nasema mbinu ni ileile popote: jina la kifurushi hubaki, tumbo la kifurushi hupungua.

Kwetu kilichobadilika kwanza kilikuwa chenyewe tulichoenda kuona. Kuanzia karibu 2010 maji ya ziwa yalipanda. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita 40 za mraba lilipita 60 kufikia 2020. Lilimeza barabara, migunga, ofisi na geti kuu la zamani. Maji yalipozidi, chumvi ikapungua, mwani wanaoula flamingo ukapungua, na flamingo wengi wakahamia kwingine, Bogoria kwa mfano. Ile rangi ya waridi niliyoiona 2005 kutoka Baboon Cliff, kama mtu ametandika leso ufuoni, haikutandikwa tena vile.

Kisha kanuni zikagusa sufuria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki zote za kutumia mara moja zikakatazwa mbugani: chupa za maji, sahani, vijiko, mirija. Naunga mkono kabisa, nimeona kile nyani hufanya na mfuko. Lakini picha ya mtu wa kawaida akiingia mbugani na chakula chake ilibadilika. Lazima uwe na hotpoti, sahani za kuosha, chupa ya chuma. Kula kwa bei nafuu kukaanza kuhitaji vyombo vya bei.

Mwaka 2025 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza ada mpya. Mkenya mtu mzima aliyekuwa akilipa shilingi 860 kuingia Ziwa Nakuru aliwekewa 1,500. Sababu zilizotolewa zina uzito: ada zilikuwa hazijapitiwa kwa muda mrefu, na kuwalinda wanyama si bure. Mgeni wa kutoka ng'ambo hulipa mara nyingi zaidi ya hapo. Yote kweli. Lakini fanya hesabu kama mtu wa Free Area. Watu wazima sita kwa 860 ni 5,160. Kwa 1,500 ni 9,000. Tofauti ni 3,840, na hiyo ilikuwa pesa ya kuku, chapati na soda za watu wote.

Hapo ndipo naona historia imepinduka. Mwaka 2005 tulilipia chakula, tukapewa mbuga juu yake. Leo tunalipia mbuga, chakula kila mtu ajijue. Na chakula hakikuwa nyongeza. Ndicho kilichotufanya tukae pamoja chini ya mgunga, mtoto wa mwalimu na mtoto wa muuza mboga, kila mmoja na nusu mkate uleule. Ukikiondoa, waliobeba kuku wanakaa huku, waliobeba biskuti wanakaa kule.

Tangazo lilipotoka, familia yetu ilikuwa inapanga kumpeleka mama mbugani, mara yake ya kwanza. Mweka hazina wa kikundi cha WhatsApp ni ndugu yangu, yule wa darasa la tatu. Akatuma bajeti mpya: gari, geti, basi. Nikamuuliza chakula kiko wapi.

Akajibu, "Chakula imetoka. Na wewe hufai kuongea, ulikula yako 2005."

Ni kweli. Ule mkate niliumaliza wote pale juu Baboon Cliff, kisha nikamwambia nyani aliuchukua. Alinitazama, akauliza, "Na soda?"

Nimetuma 3,840 kwa ndugu yangu. Chapati nitapika mwenyewe. Mama ameuliza swali moja tu: kama ataruhusiwa kuchagua soda.