Dinembo: Chale za Usoni za Wamakonde

Katika nyanda za juu za Newala, na ng'ambo ya Mto Ruvuma huko Mueda katika Msumbiji, Wamakonde, wake kwa waume, walichanjwa usoni na mwilini chale ziitwazo dinembo, ambazo kwazo mtu alijulikana asili yake kabla hajafungua kinywa. Fundi alichanja ngozi kwa kisu kidogo, chipopo, akaisugulia masizi ya mbarika, hata jeraha lilipopona ikabaki rangi ya buluu iliyokoza. Na kwa kuwa chanjo moja aghalabu haikutosha, kijana alirudi tena kisuni, akistahimili maumivu kwa subira ambayo ndiyo iliyomthibitishia utu uzima wake. Michoro hiyo ya pembe zilizopangiliwa na mistari ya mshazari yataka mkono usiotetemeka, na ni dhuluma kuiita ushenzi.

Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliikuta desturi hii ingali hai. Ilififia baadaye, hasa pale viongozi wa FRELIMO, katika kupigania uhuru wa Msumbiji, walipoipinga, wakitaka watu wa makabila yote wajione taifa moja.

Leo dinembo husalia katika nyuso za wazee, na katika barakoa za mapiko zichezwazo jandoni, ambazo wachongaji wa zamani walizitia chale zile zile, ama kwa kuzichora mtini, ama kwa kuzibandika kwa nta ya nyuki.