Mguu unajua, mwenyewe hajui

Haya wasomaji, leo tuweke kando simu na tovuti kidogo. Kompyuta itajitokeza tu, mtaona.

Mwaka 1997 kampuni ya Otto Bock ya Ujerumani ilileta C-Leg, mguu bandia wenye kompyuta ndani ya goti. Vihisi vinapima pembe ya goti na uzito unaoshuka, kisha kompyuta inaamua haidroliki ikaze au ilegee, mara nyingi kila sekunde. Kazi safi! Lakini mimi muundaji programu nikiuangalia naona jambo moja la ajabu: data yote inaishia gotini. Mguu unajua umekanyaga, mwenyewe hajui. Yeye anategemea msukumo anaouhisi kwenye kigutu, au anainama kutazama chini. Sasa fikiria ngazi wakati stima zimepotea.

Na ubongo nao haukubali kwamba mguu umekwenda. Ambroise Paré, mpasuaji Mfaransa, aliandika katika karne ya 16 kuhusu watu waliolalamikia maumivu katika kiungo kilichokwisha kukatwa. Mwaka 1871 daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyekuwa ametibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakiita kiungo hicho mzuka. Mshipa wa fahamu uliobaki bado uko hai. Ni kama waya uliokatwa upande mmoja tu.

Basi kwa nini usiunganishwe tena? Walijaribu. Mwaka 1982 Frank Clippinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha habari za mguu bandia uliotuma umeme kwenye mshipa mkubwa wa fahamu wa paja. Miaka 15 kabla ya C-Leg! Nadhani goti lilitangulia sokoni kwa sababu linafungwa kwa nje, bila kisu. Kuufikia mshipa lazima upasuliwe.

Mwaka 2019 kikundi cha Stanisa Raspopovic wa ETH Zurich, Uswisi, kiliwatia elektrodi watu wawili waliokatwa mguu juu ya goti, na vihisi vikawekwa kwenye wayo na goti la mguu bandia. Mfumo ukiwashwa, walitembea haraka zaidi kwenye mchanga, wakatumia oksijeni kidogo, na maumivu ya mguu mzuka yakapungua. Jaribio lilikuwa la miezi mitatu tu.