Seneti ya Kenya na Kufuli la Mwaka 1963

Sisi wa Nyegezi tunachangia Ziwa moja na ndugu zetu wa Kisumu, lakini Bunge letu lina baraza moja na lao lina mawili. Baadhi ya wanafunzi wetu huuliza: hilo la pili ni la nini?

Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, chama cha KADU cha Ronald Ngala kilichelea makabila makubwa kuyameza madogo. Ikaundwa Seneti ya wajumbe 41, kila wilaya mmoja na Nairobi mmoja. Lamu ikawa sawa na Nairobi. Waislamu wa pwani walikuwa na hofu yao zaidi, kwani Mwambao ulikuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte waliandikiana barua, na humo ikaahidiwa kwamba Kadhi ataendelea kuhukumu ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Siku tatu baadaye mkataba ukatiwa saini London.

Kufuli lilikuwa zito. Vifungu vilivyolindwa zaidi, kama vya majimbo, havikuweza kubadilishwa bila thuluthi tatu za wabunge—la, tuseme sawasawa: robo tatu ya wabunge na tisa ya kumi ya maseneta. Maseneta watano tu wangetosha kuzuia.

Hawakuzuia. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU. Mwaka 1965 kiwango kikashushwa hadi asilimia 65, na mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la chini. Hapa pana mazingatio: maseneta hawakufukuzwa. Viliongezwa viti 41, na majimbo ya uchaguzi yakafika 158. Waliokabidhiwa amana ya wilaya zao waliiachia kwa kura zao wenyewe, nao wakabaki vitini. Mahakama za Kadhi zilisalimika, na sheria yake ikatungwa 1967.

Katiba ya 2010 iliirudisha Seneti: wajumbe 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na wengine 20 wa kuteuliwa na vyama. Katika mambo ya kaunti, kila kaunti ina kura moja. Kwa sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na watu 143,920 na Nairobi 4,397,073, na kura zao ni sawa. Safari hii, hata hivyo, maseneta hawakuachiwa ufunguo peke yao. Kubadili misingi ya ugatuzi kunahitaji kura ya maoni ya wananchi, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti zote.