Boriti Ndiyo Hupanga Chumba

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba, na sababu si kwamba mafundi hawakujua kupima. Dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali: mita tatu hivi, mara nyingi pungufu, ndiyo masafa inayoweza kubeba bila kupinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Hata tajiri aliyejaza zidaka zake kauri za China hakuweza kununua chumba kipana zaidi. Pesa ilikuwepo, lakini boriti ndiyo iliyoamua. Akitaka ukubwa, alirefusha nyumba, au aliipandisha juu.

Hebu tuiweke boriti hiyo kando kidogo, tuingie kwenye swali ambalo vijana wa Amu, kama wale wa Mombasa na Nairobi, wanalibishania kila siku: nina elfu arobaini hivi, ninunue kadi gani ya grafiki? RTX 4060 au RX 7600? Au nitafute RTX 3060 ya mtumba, pesa ibakie ya skrini? Majina ni mapya, ila swali lenyewe ni la zamani sana katika visiwa hivi. Kitu kimeundwa mbali, kimevuka bahari, bei imepangwa na watu wasiokujua, na wewe una kiasi fulani mkononi. Utachukua kipi?

Watu wa visiwa hivi walianza kujibu swali hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Neville Chittick alipochimba magofu ya Manda katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta vyungu vya Uajemi na kauri za Kichina za karne ya 9 na ya 10. Mali ilikuja na kaskazi, vyombo vikarudi na kusi. Ulichagua katika kilichofika msimu huo. Na sehemu kubwa ya kauri zilizofika pwani hii ilikuwa mali ya soko, iliyoundwa iuzwe nje, si ile ya kasri la mfalme. Karne ya 19, viwanda vya Ulaya, hata vya Maastricht kule Uholanzi, navyo vikaingia na sahani zao za maua, bei nafuu, na zikapata nafasi ukutani. Kwa hiyo daraja la kati si jambo geni Lamu. Mji huu umelijua kwa muda mrefu kuliko nchi nyingi zinazotengeneza kompyuta leo.

Kadi yenyewe ina historia fupi. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo Graphics, kadi ambayo kazi yake ilikuwa michezo ya pande tatu tu. Ilibidi uwe na kadi nyingine ya kawaida pembeni. Mwaka 1999 Nvidia ikaleta GeForce 256 na kuitangaza kuwa ndiyo GPU ya kwanza duniani. Kufikia Desemba 2000, Nvidia ilikuwa inanunua mali ya 3dfx. Mwaka 2006 AMD ikainunua ATI. Uwanja ukabaki na mafahali wawili, hadi Intel ilipojitosa mwaka 2022 na kadi zake za Arc. Na ukitazama chip zenyewe, za Nvidia, za AMD na hizo za Arc, nyingi hutoka kiwanda cha kampuni moja, TSMC ya Taiwan. Tunabishana rangi ya kijani na nyekundu, kumbe jiko ni moja.

Sasa "kati" inatoka wapi? Kwa sehemu inatoka kwenye kasoro. Chip zikitoka kiwandani, baadhi huwa na sehemu mbovu. Badala ya kuzitupa, kampuni huzima sehemu hizo na kuziuza kama daraja la chini yake. Hakuna ubaya hapo, ikiwa jina linasema ukweli. Lakini jina halisemi ukweli kila mara. Mwaka 2016 Nvidia iliuza GTX 1060 mbili: moja ya memori gigabaiti 6, nyingine 3. Mnunuzi wa kawaida angedhani tofauti ni memori tu. Wapi! Ile ya 6 ilikuwa na viini 1,280, ile ya 3 viini 1,152. Jina moja, kadi mbili. Hadi leo zote mbili zinazunguka kwenye soko la mtumba, na muuzaji akikuandikia "1060" peke yake, muulize: ya ngapi?

Kisha likaja jambo ambalo liliharibu maana ya kati kabisa. Mwaka 2020 na 2021 wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa Ethereum, walizoa kadi madukani. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 kwa bei rasmi ya dola 329, lakini kuipata kwa bei hiyo ilikuwa ndoto. Nvidia ilijaribu kuibana isichimbe vizuri, kisha yenyewe ikatoa draiva iliyofungua kile kizuizi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji wake kwa kadi ukaisha siku hiyohiyo, na mizigo ya kadi zilizochoka ikamwagika kwenye soko la mtumba la dunia. Wimbi kama hilo likianza, huwa linaishia pwani za watu kama sisi. Kadi ya kuchimbia si lazima iwe mbovu; mara nyingi chip ni nzima, ila feni zimekwisha na gundi ya kupitisha joto imekauka. Rahisi huwa ghali pale unapoinunua bila kuiona ikifanya kazi.

Hapa ndipo boriti inaporudi. Kadi ina mipaka yake, lakini nyumba nayo ina yake, na Lamu mipaka ya nyumba haijifichi.

Anza na umeme. Kwa miaka mingi mji wa Lamu uliishi kwa majenereta ya dizeli, kabla ya laini kubwa ya kutoka Rabai kupitia Garsen kufika. Na watu wa hapa wanajua kwamba wati zina siasa yake: mradi wa kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi ulivuliwa leseni na mahakama ya mazingira tarehe 26 Juni 2019, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo usiruke mstari wa wati unapolinganisha kadi. RTX 4060 inakula wati 115. RX 6600, 132. RX 7600, 165. RTX 3060, 170. Arc B580 ya Intel, 190. Kati ya 115 na 190 kuna wati 75. Ukicheza saa tatu kila siku, kwa mwaka ni uniti 82 hivi za tokeni. Na kila wati inayoingia kwenye kadi inatoka kama joto ndani ya chumba ambacho tayari kina nyuzi 30. Ule ukuta mnene wa mawe ya matumbawe unasaidia, lakini haufanyi miujiza.

Halafu kuna chumvi. Hewa ya bahari huacha chumvi juu ya vyuma, chumvi hunyonya unyevu, na unyevu huo hula miguu ya sloti na fito za kupozea. Kadi isiyokula umeme mwingi huzungusha feni polepole, hivyo huvuta hewa hiyo kidogo zaidi. Hili halimo kwenye video za mapitio zinazorekodiwa Marekani.

Kisha shilingi. Dola 299 za RTX 4060 mwishoni mwa 2023, dola ikiwa karibu shilingi 157, zilikuwa kama shilingi 46,900. Katikati ya 2024, dola ikiwa karibu 129, zilikuwa kama 38,600. Kadi ileile, tofauti elfu nane, kabla hujalipa VAT ya asilimia 16 na usafiri. Zamani ulingoja kaskazi. Siku hizi unachungulia kiwango cha dola.

Na safari. Boksi linatoka Nairobi au Mombasa kwa basi hadi Mokowe, linapanda boti hadi gati la Amu, kisha punda au mkokoteni, maana gari halipiti vichochoro vile. Kama unakaa Faza au Siyu, ongeza boti nyingine. Kadi ikifa, safari hiyo hurudiwa kinyume. Kwa mtu wa Nairobi, waranti ni karatasi na matatu moja. Kwa mtu wa Pate, waranti ni siku mbili au tatu za maisha yake.

Ukipanga yote haya, jibu linaanza kujitokeza lenyewe. Mwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile zenye saplai ndogo, asidanganywe: GTX 1650 ya wati 75, ile isiyohitaji waya wa ziada, ndiyo boriti yake. Arc B580 ina gigabaiti 12 kwa bei nzuri, lakini inataka ubao mama wenye Resizable BAR. Kwenye mashine ya zamani itakuvunja moyo. Anayecheza kwa 1080p tu, na kompyuta yake ni ya kisasa kidogo, RX 6600 au RTX 4060 zinatosha, na baridi yake ni faida. Anayetaka pia kuhariri video za harusi au kujifunza Blender apate kipato, huyo RTX 3060 yenye gigabaiti 12 bado inamfaa kuliko kadi mpya yenye 8, bora aione ikiwaka kwanza.

Huenda mtu akasema huku ni kujinyima, kwamba kijana wa Lamu naye astahili kadi ya juu kabisa. Anastahili. Lakini wale wajenzi hawakujinyima. Walijua kipimo cha kile kilichobeba dari, wakajenga vyumba ambavyo watu wanalala ndani yake mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa kwa yeyote, fungua kompyuta yako. Pembeni mwa saplai kuna karatasi imebandikwa, ina namba ya wati. Isome hiyo kwanza.