Neno Lenye Ufunguo

Wasikilizaji, huenda mmepata kusikia kwamba Makardinali wa Kanisa Katoliki, wakimchagua Papa, hukutana kwa siri katika "konklave". Neno hili asili yake ni Kilatini: "cum" ni pamoja na, na "clavis" ni ufunguo. Maana yake ya kwanza ni chumba kifungwacho kwa ufunguo. Kisha jina la chumba likawa jina la mkutano wenyewe.

Desturi hiyo ilizaliwa kwa taabu. Papa Clement wa Nne alikufa mwaka wa 1268 mjini Viterbo, katika nchi ya Italia. Makardinali wakashindana karibu miaka mitatu pasipo kupatana. Wenyeji wakachoka: wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula, hata wakaezua paa la jumba. Mwaka wa 1271 akachaguliwa Gregory wa Kumi. Naye mwaka wa 1274 akaweka sheria kwamba wachaguzi wafungiwe, na siku tatu zikipita bila shauri kukatwa, chakula kipunguzwe.

Basi, pale Viterbo ufunguo haukutiwa mlangoni ili kuwaficha wakubwa. Ulitiwa na raia waliochoka kungoja.