Hati, Ufagio na Mzigo: Madai ya Askari wa Tabora

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi kwa wafanya biashara, lakini yawafaa pia askari wazee. Kwani mali ya askari ni jasho lake na damu yake, na daftari la mali hiyo haliandiki yeye, bali huandikwa na karani wa serikali iliyompeleka vitani. Katika insha hii nataka kuonyesha, kwa mfano wa watu wa Tabora na wenzi wao, kwamba madai ya waliotumika vitani hayakuamuliwa kwa kupima kazi waliyoifanya. Yaliamuliwa kwa kuuliza ni ushahidi gani unaokubalika, na ni nani anayepaswa kuuleta.

Zamani za misafara jambo hili lilikuwa jepesi zaidi. Mnyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alichukua begani mzigo wa ratili 60 au 70, akapatana ujira na posho mbele ya wenziwe. Mnyampara aliwasemea watu wake, na kambi nzima ilikuwa shahidi. Posho ilipopunjwa, wapagazi waliweza kuweka mizigo chini, na tajiri asiende mbele wala asirudi nyuma mpaka shauri liishe. Sisemi kwamba njia ile ilikuwa ya haki tupu. Wengi walikufa njiani, na wengine walidhulumiwa. Nasema tu kwamba mdai alijulikana kwa sura, na shahidi wake hakuwa mbali.

Vita vya 1914 viliyageuza hayo. Wadachi walikuwa wameandika askari wengi kutoka Unyamwezi na Usukuma, na mji wa Tabora, uliofikiwa na reli mwaka 1912, ukawa nguzo yao ya bara. Mwaka 1916 walipiga hapo sarafu za dharura, za shaba na hata za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka ule jeshi la Wabelgiji likauingia mji. Lakini askari waliomfuata Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck waliendelea kupigana, wakavuka mpaka Msumbiji, na hatimaye wakaweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa askari zaidi ya 1,100, na wote walidai mishahara ya muda mrefu. Jemadari wao hakuwa na fedha. Aliwapa hati za kuonyesha wanachodai. Kisha wakapelekwa Tabora kuzuiliwa, na homa kuu ya mafua ikawaua baadhi yao.

Basi fikiri, msomaji, thamani ya hati ile. Aliyeitoa alikuwa ameshindwa; serikali iliyodaiwa ilikuwa imeondoka nchini; na nyumba ya kuiwekea ilikuwa ya udongo na nyasi, yenye mchwa, mvua na moto. Mtu aliambiwa ailinde haki yake kwa kitu kilicho dhaifu kuliko mwili wake.

Hata aliyekwenda mwenyewe kudai hakuwa na hakika ya kusikilizwa. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, aliingia vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimkatalia: amechelewa. Haikuwa lazima kuthibitisha kwamba hakutumika, kalenda ilitosha. Husen alibaki huko, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo, na mwaka 1944 akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Sisi tunaosomesha lugha hii twapaswa kumkumbuka.

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi likaidhinisha fedha kwa askari waliokuwa hai bado. Husimuliwa kwamba wazee wapata 350 walikusanyika Mwanza, njia ya reli kaskazini ya Tabora, na wachache tu ndio waliokuwa na hati zao. Mlipaji alipata hila. Kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kidachi: bega silaha, toa heshima. Yasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna hukumu ya busara: karatasi ilipopotea, mwili ulikubaliwa kuwa daftari.

Nchi nyingine zimelifikia wazo hili kwa njia ya sheria. Anayedai pensheni ya kilema cha vita hutakiwa kwa kawaida kuonyesha mambo matatu: kwamba alitumika, kwamba ana kilema, na kwamba kilema kimetokana na utumishi. La tatu ndilo zito. Uingereza mwaka 1943 iliunda mabaraza ya rufani, na katika mwaka huohuo mdai akapunguziwa wajibu wa kuthibitisha, ukatwikwa serikali. Marekani nayo ilianzisha bodi ya rufani mwaka 1933 na mahakama maalumu mwaka 1988. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, mdai ndiye hushinda. Maana yake ni moja: mwenye kushika daftari ndiye abebe hasara ya shaka.

Lakini yuko mtu ambaye hata ufagio haumfai, naye ni mpagazi wa vita. Majeshi yote yalimtegemea. Na kwa upande wa Waingereza peke yake, baadhi ya wanahistoria wanakadiria wapagazi waliokufa kuwa zaidi ya 90,000. Mtaa wa Kariakoo umebaki na jina la kikosi chao. Mpagazi hakufundishwa gwaride wala Kidachi. Angefika mbele ya mlipaji, angepimwa kwa nini? Labda angetwishwa mzigo. Lakini katika Unyamwezi kila mtu aliweza kuchukua mzigo, na kwa sababu hiyo mzigo haukuthibitisha lolote. Kazi ile iliyoijenga Tabora na kuipa njia yake sifa ndiyo iliyomnyima ushahidi.